"Sina Makosa": Utetezi Usiotetea katika Wimbo wa Les Wanyika

Nyimbo za dansi hutajwa mara kwa mara katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili, lakini ni nadra kuhakikiwa. Hutajwa kama ushahidi wa kuenea kwa lugha, au kama kielelezo cha maadili ambacho mwalimu hukitumia darasani kisha akakiweka kando. Mtindo huu una kasoro. Mwenye kutafuta ujumbe peke yake huondoka na wasia mfupi, na wimbo wenyewe akauacha kwenye santuri. Makala haya yanakusudia kuutazama wimbo mmoja, "Sina Makosa" wa bendi ya Les Wanyika, kwa uangalifu ule ule tunaoutumia tunaposoma tungo za Muyaka bin Haji. Hoja yangu ni kwamba wimbo huu ni utetezi usiotetea, na kwamba jambo hilo halifahamiki barabara mpaka maneno na magitaa yasikilizwe pamoja.

Asili ya bendi na jina lake

Historia ya bendi hii yaanzia Tanga. Ndugu wawili, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, waliingia katika Jamhuri Jazz Band ya mji huo mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata walivuka mpaka, wakafika Mombasa, na huko ndiko Simba Wanyika ilikozaliwa. Katikati ya miaka ya 1970 walihamia Nairobi. Mwaka 1978 kundi liligawanyika: Omar Shabani aliyepiga gitaa la ridhim, Tom Malanga aliyepiga besi, na Rashid Juma wa dramu, walijitenga na kuunda Les Wanyika. Alijiunga nao John Ngereza, Mtanzania mwingine, mwimbaji na mpiga gitaa. Akina Kinyonga waliendelea na Simba Wanyika hadi miaka ya 1990, walipofariki.

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa na mwanaisimu. "Simba Wanyika" ni simba wa nyika: "wa" ni kihusishi cha kumiliki, na nyika ni mbuga. Lakini kihusishi kiliandikwa kikiwa kimeshikana na nomino, na mara tu bendi ilipogawanyika, kosa hilo la tahajia likazaa maana mpya. Katika "Les Wanyika" simba ametoweka. "Wanyika" imekuwa nomino ya wingi, yaani watu wa nyika, na kibainishi cha Kifaransa kilichotangulia chathibitisha wingi huo. Hapo pana mambo mawili. Kwanza, kibainishi hicho ni heshima kwa muziki wa Kongo, uliokuwa na hadhi kubwa mjini Nairobi. Pili, Wanyika ni jina ambalo watu wa miji ya pwani waliwaita Wamijikenda zamani, nalo halikuwa jina la sifa. Sidai kwamba wanamuziki walikuwa na nia ya kulisafisha. Nasema tu kwamba neno lililotumiwa kuwatenga watu liliishia kuwa jina ambalo bendi ililibeba kwa fahari, na wenzao waliojitenga baadaye, kama Issa Juma na Super Wanyika yake, walitaka kubaki nalo.

Nafasi ya maneno katika muziki

Mpenzi wa dansi mjini Nairobi katika miaka hiyo alikuwa na mengi ya kuchagua. Bendi za Kikongo, kama Orchestra Super Mazembe, ziliimba sana kwa Kilingala. Benga, ambayo D. O. Misiani na Shirati Jazz ni miongoni mwa mabingwa wake, iliimbwa kwa Kijaluo na kwa lugha nyingine za makabila. Msikilizaji asiyezijua lugha hizo alibaki na mdundo. Wanyika waliimba Kiswahili, tena kile cha Tanga, kilicho chepesi pasi na kuwa cha ovyo. Kwa hiyo walikuwa na hadhira iliyofahamu kila neno, na muziki wao ulilazimika kuyapa maneno hayo nafasi.

Hapo ndipo mtindo wao unapoachana na benga. Katika benga, gitaa la solo na besi hukimbizana kwa kasi, na mara nyingi sauti ya mwimbaji husimama ili gitaa lipite. Katika "Sina Makosa" mwendo ni wa wastani. Gitaa la ridhim halikwanguliwi tu ili kujaza pengo. Lina kifungu chake kifupi kinachorudiwarudiwa. Besi hunena kwa maneno machache, ikiacha vituo katikati. Solo huingia juu yake kwa sauti nyembamba, safi. Kila gitaa lina sentensi yake, na hapana hata moja linaloikamilisha pasi na mengine.

Hoja ya mnenaji

Kisa cha wimbo ni kifupi. Mwanamume anamjibu mwanamume mwenzake aliyemghadhibikia kwa sababu ya mwanamke. Anamuuliza hasira hiyo ni ya nini. Anamkumbusha kwamba mwanamke huyo si wa yeyote kati yao, na kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani. Basi chuki yatoka wapi?

Tukiipima hoja hii kama hakimu apimavyo utetezi, twaona mara moja kwamba haithibitishi kile ambacho jina la wimbo linadai. Mnenaji anasema hana makosa, lakini ushahidi anaouleta ni kwamba mlalamishi naye hana haki ya kulalamika. Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kusema kwamba sote wawili tuna wake nyumbani ni kukiri, wala si kukana. Utetezi unamshinda mpinzani, lakini unamwacha mtetezi na mzigo wake.

Sarufi ya wimbo yaonyesha jambo hili waziwazi. Mke wa nyumbani hatajwi kwa nomino; anatajwa kwa vimilikishi tu, "wangu" na "wako". Mwanamke wa tatu ni "yule", kionyeshi cha mbali. Bendi hiyo hiyo iliimba "Paulina" na "Pamela", nyimbo ambazo majina yake ni ya wanawake. Hapa hakuna jina. Anayeitwa kwa heshima ni mpinzani, ambaye ni "bwana" na "baba". Wanawake watatu wamekuwa mipaka ya shamba ambalo wanaume wawili wanaligombea kwa adabu.

Katika ushairi wa Mombasa twaijua desturi ya kujibizana: mtu akilaumiwa kwa tungo, hujibu kwa tungo, na wasikilizaji huzipima pande zote mbili. Wimbo huu ni jibu ambalo shtaka lake hatulisikii. Badala ya sauti ya pili tumepewa magitaa. Nayo hayaafiki wala hayapingi; yanazunguka na kurejea pale yalipoanzia, na mnenaji anarejea nayo kuuliza swali lile lile. Mtu aliyekwisha kushinda hoja haulizi tena.

Yumkini msomaji atapinga kwamba marudio ni kawaida ya dansi, na kwamba namtwisha mtunzi fikira zangu. Pingamizi hilo lina uzito. Ni kweli kwamba kila wimbo wa aina hii hurudia kiitikio ili watu wacheze. Lakini si kila wimbo unaotia ndani ya marudio hayo maneno ya mshtakiwa. Kawaida ya fani imekutana na maudhui yanayobadilisha maana yake: kinachokuwa furaha katika wimbo wa sifa, hapa kinakuwa wasiwasi.

Kasoro moja haina budi kutajwa. Wimbo haumpi msikilizaji ishara yoyote ya kumtenga mtunzi na mnenaji. Wengi wameucheza, na wanaucheza hadi leo katika arusi na mabaa, wakiitikia pamoja kwamba hawana makosa, na hakuna kinachowazuia. Mimi naona kwamba upofu ni wa mnenaji, kwa kuwa udhaifu wa hoja yake umepangwa kwa ustadi mno kuwa ajali. Hata hivyo, nakiri kwamba ukimya wa wake wale wa nyumbani waweza kuwa ukimya wa mtunzi pia, na maandishi peke yake hayatatui swali hilo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba wimbo wa dansi waweza kuhimili uhakiki wa maneno, wa sarufi na wa hoja. Ukinakiliwa karatasini peke yake, "Sina Makosa" ni malalamiko mafupi. Ukisikilizwa kwa sababu ya mdundo peke yake, ni burudani. Tunapouingiza darasani tusiwaulize wanafunzi wimbo unafundisha nini. Tuwasikilizishe santuri mara mbili, kisha tuwaulize nani anasema, anamwambia nani, na ni nani ambaye hakupewa nafasi ya kusema.