Jenerali Khanduri na kilomita 5,846: kazi ilivyopangwa, na ilipokwama

Novemba 2000 Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alimkabidhi wizara ya barabara mtu aliyevaa sare za jeshi kwa miaka 36. Meja Jenerali Bhuwan Chandra Khanduri, mzaliwa wa Dehradun, alijiunga na Kikosi cha Uhandisi mwaka 1954 na kustaafu mwaka 1990. Mwaka uliofuata watu wa Garhwal walimpeleka bungeni kwa tiketi ya chama cha BJP. Kiti hicho kilimponyoka mwaka 1996, akakitwaa tena mwaka 1998 na kukilinda tena mwaka 1999.

Ukiuliza kwa nini barabara zilijengeka wakati wake, utajibiwa upesi: nidhamu ya kijeshi. Jibu hilo halinitoshelezi. Nidhamu peke yake haishindilii tuta wala haimwagi lami. Kilichofanya kazi ni mpangilio ambamo fedha, ardhi na kandarasi vilifungamanishwa, na taarifa za eneo la ujenzi zikapanda hadi juu zingali mbichi. Hapo ndipo nguvu ya Khanduri ilipokuwa. Na kila alipokwama, iwe barabarani, kwenye uongozi wa jimbo la Uttarakhand au baadaye bungeni, kisa kilihusu taarifa iliyopanda juu na isipokelewe inavyostahili.

Hali ilikuwa hivi. Barabara kuu za taifa zilikuwa kama asilimia 2 tu ya urefu wa barabara zote za India, lakini zilibeba takribani asilimia 40 ya magari yote. Sehemu kubwa ilikuwa na njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na malori yaligombania lami hiyo na matrekta, mikokoteni, baiskeli na ng'ombe. Pembenne ya Dhahabu, mradi ambao Vajpayee aliuwekea jiwe la msingi Januari 1999, ulilenga kuiunganisha miji ya Delhi, Mumbai, Chennai na Kolkata kwa kilomita 5,846 za barabara ya njia nne au sita. Juu yake ziliwekwa njia kuu mbili za kukata nchi: moja kutoka Srinagar hadi Kanyakumari, nyingine kutoka Silchar hadi Porbandar, kwa jumla zaidi ya kilomita 7,000. Khanduri basi hakuubuni mradi huu. Aliupokea ukiwa kwenye makaratasi zaidi kuliko ardhini.

Fedha kwanza, kwa sababu mkandarasi asiyelipwa kwa wakati huegesha mitambo na kuondoa vibarua. Serikali ilitoza rupia 1 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na sheria ya mwaka 2000 ikauwekea mfuko huo matumizi maalumu. Nusu ya tozo ya dizeli ilikwenda kwenye barabara za vijijini, na sehemu iliyobaki ikagawanywa kati ya barabara kuu za taifa, barabara za majimbo na madaraja ya kuvukia reli. Msomaji wa Tanzania au Kenya anaijua tozo ya namna hii, kwa kuwa na yeye huilipa kila anapojaza tangi. Tofauti ni kwamba India haikuishia kuzitumia fedha hizo kuziba mashimo. Mamlaka ya Barabara Kuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1988, iliweza kukopa kwa kutegemea mapato ambayo kila mkopeshaji aliyaona yakiingia. Mikopo ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Asia ikaongezewa humo. Ipo mikataba ambayo mkandarasi alijenga kwa fedha zake, kisha serikali ikamlipa kiasi kilichopangwa kila baada ya miezi sita kwa miaka mingi. Aliyejenga kwa njia hiyo alikuwa na kila sababu ya kujenga imara, kwani matengenezo yalimrudia yeye mwenyewe.

Ardhi ndiyo iliyokuwa kizingiti kikubwa zaidi. Mwaka 1997, kabla Khanduri hajafika wizarani, sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilirekebishwa. Serikali hutoa tangazo la nia, mwenye ardhi hupewa siku 21 za kuweka pingamizi, kisha likitoka tangazo la pili ardhi inakuwa ya serikali kuu moja kwa moja. Kinachobaki kubishaniwa ni fidia, siyo umiliki. Kwa mkulima hiyo ni sheria kali, na sioni sababu ya kuipamba. Kwa mhandisi ilimaanisha kwamba kesi moja ya shamba moja haiwezi tena kusimamisha kilomita 60 za ujenzi.

Uhandisi wa jenerali ulikuwa na maana hasa hapa. Kaskazini mwa India masika huanza Juni na kuendelea hadi Septemba. Udongo uliolowa haushindiliki, na tuta lililoshindiliwa vibaya litatitia hata ukiliwekea lami ya namna gani. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kuchelewa kukabidhi ardhi, ukiangukia Mei, unaweza kukugharimu msimu mzima. Mwanasiasa wa kawaida huambiwa kazi imechelewa mwezi mmoja na kuridhika. Mtu aliyetumikia uhandisi jeshini anajua kwamba mwezi huo umekula minne mingine. Anajua pia swali la kuuliza: siyo asilimia ngapi imekamilika, bali ni kipande gani bado hakijakabidhiwa, nani hajahamisha nguzo za umeme, kibali cha kukata miti kimelala kwenye meza ya nani.

Njia yote iligawanywa katika kandarasi zaidi ya 100 zilizoweza kwenda kwa wakati mmoja katika majimbo mbalimbali. Kufikia mwisho wa 2006 sehemu kubwa mno ya Pembenne ilikuwa inapitika, ingawa tangazo rasmi la kukamilika lilingoja hadi 2012. Matokeo yake yamepimwa. Wachumi Ejaz Ghani, Arti Grover Goswami na William Kerr walionyesha kwamba uzalishaji wa viwandani ulikua zaidi katika wilaya zilizo ndani ya kilomita 10 za barabara hiyo kuliko katika zile zilizo mbali kidogo. Utafiti wa Saugato Datta uligundua kwamba viwanda vilivyo kandokando yake vilipunguza akiba ya malighafi ghalani. Ukiwa na uhakika kwamba lori litafika Alhamisi, huna haja ya kufungia mtaji wako ndani ya magunia.

Ila mgawanyo ule wa kandarasi ulikuwa na udhaifu. Vipande vikubwa vilihitaji kampuni kubwa, na baadhi ya kampuni kubwa zikishashinda zabuni na kuchukua malipo ya awali zilivigawa vipande hivyo kwa wakandarasi wadogo wasio na uwezo. Mhandisi kijana wa Mamlaka, Satyendra Dubey, aliyesoma chuo cha IIT Kanpur, aliliona hilo katika kipande cha Koderma, jimboni Jharkhand. Mwaka 2002 alimwandikia Waziri Mkuu akieleza ufisadi huo na kuomba jina lake lisitajwe. Barua ilipita ofisi baada ya ofisi, wizara ya barabara ikiwamo, ikiwa na jina lake. Usiku wa tarehe 27 Novemba 2003 aliuawa kwa risasi mjini Gaya. Wapelelezi wa serikali kuu walihitimisha kwamba ulikuwa unyang'anyi, na mwaka 2010 watu watatu walitiwa hatiani. Ndugu zake hawakulikubali hitimisho hilo.

Sidai kwamba Khanduri alihusika na kifo hicho, na hakuna aliyelithibitisha. Lakini uchambuzi wa mradi huu unaomruka Dubey si uchambuzi. Mpangilio uliojengwa ili taarifa za kazi zipande upesi haukuwa na mahali salama pa kuipokea taarifa iliyo mbaya kuliko zote, na gharama yake ilikuwa uhai wa mhandisi aliyefanya wajibu wake. Kilio cha umma ndicho kilichoilazimisha serikali, mwaka 2004, kuweka utaratibu wa kuficha majina ya watoa taarifa. Sheria kamili ilipitishwa mwaka 2014.

Mwaka 2007, akiwa ameshaondoka wizarani, Khanduri akawa Waziri Kiongozi wa Uttarakhand, jimbo lililozaliwa siku mbili tu baada ya yeye kuapishwa kuwa waziri wa barabara. Ni nchi ya milima na ya askari. Lansdowne, makao ya kikosi cha Garhwal Rifles, imo katika eneo lake la zamani la ubunge. Hata kiti chake katika bunge la jimbo alikipata kutoka kwa jenerali mwenzake, T. P. S. Rawat, aliyejiuzulu kiti cha Dhumakot akitokea chama cha Congress ili kumpisha.

Utaratibu wa barabarani haukumfaa huko. Meneja wa mradi hukutii kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wake wa kazi. Mbunge wa chama chako ana wapiga kura wake, na watu wanaotaka ajira, uhamisho na kandarasi. Manung'uniko ya wabunge wake yalipanda hadi Delhi bila kupita kwake. Mwaka 2009 BJP ilishindwa katika viti vyote vitano vya jimbo katika uchaguzi wa taifa, akajiuzulu. Septemba 2011, miezi michache kabla ya uchaguzi wa jimbo, chama kilimrudisha, na bunge la jimbo likapitisha muswada wake wa chombo cha kupambana na rushwa chenye uwezo wa kumchunguza hata Waziri Kiongozi mwenyewe. Kampeni ya 2012 ilitangaza kwamba Khanduri ni wa lazima. BJP ikapata viti 31, Congress 32, na yeye akashindwa katika kiti cha Kotdwar.

Alirudi bungeni Delhi mwaka 2014 na kuongoza Kamati ya Kudumu ya Ulinzi. Machi 2018 kamati hiyo iliweka mezani ushahidi wa naibu mkuu wa jeshi: asilimia 68 ya zana za jeshi zilikuwa za zama zilizopita, na fedha za kununua zana mpya, rupia bilioni 213 na ushei, hazikutosha hata kulipia mikataba iliyokwisha kusainiwa, iliyodai bilioni 290. Serikali ilikuwa ya chama chake mwenyewe, naye hakuipunguza makali taarifa ile. Naona hiyo ndiyo kazi yake bora baada ya barabara: mwenyekiti aliyepokea habari mbaya kutoka chini na kuipeleka juu jinsi ilivyo. Septemba mwaka huo aliondolewa kwenye uenyekiti, na Kalraj Mishra akapewa nafasi yake.