Kupima Maneno na Kupima Kusoma: Uhakiki wa Sehemu ya Lugha katika Mtihani wa GRE

Katika Kiswahili neno moja, kusoma, hutumika kwa mambo mawili: kuyapitia maandishi kwa macho na kuyafahamu, na tena kufuata elimu darasani au chuoni. Mzazi akisema kwamba mwanawe anasoma, hatujui kama kijana huyo ana kitabu mkononi saa hii ama kama yumo chuoni mwaka wake wa tatu. Mtihani ninaotaka kuuhakiki hapa umejengwa juu ya imani iliyo karibu sana na neno hilo, yaani kwamba mwenye kuyasoma vizuri maandishi ya Kiingereza ndiye atakayesoma vizuri masomo ya shahada za juu. Imani hiyo si ya kudharauliwa. Ninalouliza mimi ni kama mtihani huo wapima kusoma kweli, ama wapima jambo jingine lililo jirani na kusoma, kisha hulipa jina la kusoma.

Mtihani wenyewe ni ule uitwao Graduate Record Examinations, ambao wengi huutaja kwa herufi zake tatu, GRE. Ulianza mwaka 1936 kwa jaribio la shirika la Carnegie pamoja na vyuo vikuu vinne vya Marekani, navyo ni Harvard, Yale, Princeton na Columbia. Baadaye uliwekwa mikononi mwa Educational Testing Service, chama cha mitihani kilichoundwa mwaka 1947, na hata leo ndicho kinachoutunga. Una sehemu tatu: hesabu, lugha, na insha. Watahiniwa wa Afrika ya Mashariki waombao nafasi Marekani wamekutana nao kwa miaka mingi, na aghalabu ni sehemu ya lugha iliyowatisha zaidi. Sehemu hiyo ndiyo mada yangu.

Tangu Septemba 2023 sehemu ya lugha ina maswali 27, nayo hufanywa kwa dakika 41. Maswali hayo ni ya namna tatu. Namna ya kwanza ni kusoma kifungu na kujibu maswali juu yake. Ya pili ni kujaza pengo: sentensi au aya fupi huachwa na pengo moja, mawili au matatu, na mtahiniwa huchagua neno la kulitia katika kila pengo. Palipo na mapengo matatu, aliyejaza mawili sawasawa na kukosea la tatu hapati hata sehemu ya alama. Namna ya tatu ni sentensi yenye pengo moja na maneno sita ya kuchagua. Mtahiniwa hutakiwa achague maneno mawili yatakayoipa sentensi ile maana moja.

Zamani palikuwa na maswali mengine mawili ambayo waliofanya mtihani kabla ya mwaka 2011 watayakumbuka. Mtahiniwa alipewa neno moja tupu, lisilo na sentensi, akaambiwa atafute kinyume chake. Au alipewa jozi ya maneno, akatafuta jozi nyingine yenye uhusiano kama ule. Maswali hayo yaliondolewa mwezi wa Agosti 2011, wakati kipimo cha alama kilipobadilishwa kutoka 200 hadi 800 kikawa 130 hadi 170. Mabadiliko hayo yalisifiwa, na kwa haki, kwa sababu neno lisilo na sentensi ni kama samaki nje ya maji: waweza kulihesabu, lakini huwezi kuona namna linavyokwenda. Walakini tukiitazama ile namna ya tatu, twaona kwamba jambo lililotolewa kwa mlango mmoja limerudi kwa mwingine. Kinyume kimeondoka, kisawe kimebaki. Asiyeyajua maneno yale sita hawezi kupata jozi, hata akiifahamu sentensi vizuri namna gani.

Kabla ya kulaumu yafaa nikiri mazuri. Maswali ya vifungu, ambayo ni takriban nusu ya sehemu hii, yametungwa kwa uangalifu mkubwa. Humwuliza msomaji mwandishi amedai nini na hakudai nini, ni hoja gani ambayo ikiongezwa itaidhoofisha hoja ya kwanza, na ni sentensi gani iliyowekwa pale ili kupinga na si kuunga mkono. Mwanafunzi asiyeweza kutofautisha maoni ya mwandishi na maoni ambayo mwandishi anayasimulia tu ili ayapinge, atapata taabu katika utafiti wa aina yoyote, katika lugha yoyote. Hata maswali ya kujaza pengo yana kiini chema: hupima kama msomaji anauona uzito wa maneno madogo kama vile ijapokuwa, ilhali, sembuse na walau, ambayo ndiyo yanayoigeuza hoja.

Upungufu uko katika maneno yanayowekwa penye pengo. Ili tuuone wazi, natunga swali la namna hiyo kwa Kiswahili:

Ijapokuwa fundi yule amesifiwa siku zote kwa bidii yake, kazi aliyotuletea safari hii yaonyesha ______.

Tuseme maneno ya kuchagua ni haya: uvivu, uchangamfu, wema, hamu, heshima. Kila mtu aliyezoea Kiswahili atachagua uvivu, kwa sababu ijapokuwa humwambia atafute kinyume cha bidii. Hapa tumepima hoja. Sasa tuiache sentensi ile ile, na mahali pa maneno yale tuweke haya: ajizi, bashasha, hisani, ghera, staha. Hoja haikubadilika hata kidogo. Pengo ni lile lile, na ijapokuwa ni ile ile. Lakini sasa mtu aliyelelewa Mombasa au Unguja, aliyeyasikia maneno haya nyumbani na katika tungo, atajibu bila ya kusita. Na mwenziwe wa Shinyanga au Kisumu, aliyekipata Kiswahili shuleni na sokoni, ataduwaa. Labda methali itamwokoa, akumbuke kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Asipoikumbuka, atakosa. Je, tutasema kwamba hana uwezo wa kufikiri? Aliufikiri mgogoro wa sentensi sawasawa na mwenziwe. Kilichomkosesha ni mahali alipozaliwa.

Tena kuna jambo la pili ndani ya mfano huo. Maneno yote matano ya mkumbo wa pili asili yake ni Kiarabu. Mtu wa Cairo aliyejifunza Kiswahili kwa mwaka mmoja tu huenda akayatambua kwa sura, akampita Msukuma ambaye amesema Kiswahili tangu utoto wake. Ushindi wake hautatokana na kukijua Kiswahili. Utatokana na undugu wa maneno uliokuwapo kabla yeye hajaanza kujifunza.

Hayo ndiyo yanayotokea katika GRE. Maneno magumu ya Kiingereza yanayopendwa na watungaji wa mitihani ya namna hii, kwa sehemu kubwa, yalitoka katika Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa. Chukua neno "taciturn", yaani mnyamavu, na neno "loquacious", yaani mwenye maneno mengi. Mhispania ana "taciturno" na "locuaz" katika lugha yake mwenyewe. Mfaransa ana "taciturne" na "loquace". Maneno hayo huwajia bure. Mswahili hukutana na maumbo asiyoweza kuyavunja. Akikutana na neno geni la Kiswahili, aghalabu hulitazama shina lake na viambishi vyake akakisia maana. Katika "taciturn" hakuna shina analolijua. Si kwamba hana fikra ya mtu mnyamavu na mtu mpayukaji. Anazo, na maneno ya kuwaeleza wote wawili anayo tele. Hata Kiarabu kilichomo katika lugha yetu hakimsaidii. Neno "tariff" la Kiingereza na taarifa letu yana asili moja, na kadhalika "magazine" na hazina. Lakini maana zimekwisha kuachana mbali.

Mtetezi wa mtihani atajibu kwamba msamiati na ufahamu wa kusoma hufuatana. Ni kweli. Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji ahitaji kujua familia za maneno 8,000 hadi 9,000 ili aweze kusoma maandishi ya kawaida ya Kiingereza bila ya msaada. Asiyekuwa na maneno hana cha kusomea. Lakini swali ni maneno gani. Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia za maneno 570 zilizokusanywa kutoka maandishi ya kitaaluma ya masomo mbalimbali. Orodha hiyo fupi hufunika takriban asilimia 10 ya maneno yote ya maandishi hayo. Ni maneno ya kukisia, kuthibitisha, kugawanya, kulinganisha na kuhitimisha, ambayo mwanafunzi wa udongo na mwanafunzi wa sheria wote huyahitaji kila siku. Neno la kumwelezea mtu mnyamavu kwa madaha ni pambo la waandishi wa insha na riwaya. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiingereza atalihitaji. Mchunguzi wa malaria aweza kumaliza utafiti wake bila ya kuliona.

Samuel Messick, ambaye alikuwa mtaalamu wa chama hicho hicho kinachotunga GRE, alieleza mwaka 1989 kwamba maradhi makubwa ya mitihani ni mawili: kupima pungufu ya kile kinachokusudiwa, na kupima kisichokusudiwa. Kwa maoni yangu sehemu hii ya lugha inayo yote mawili. Hupima pungufu, maana kusoma kwa mtafiti ni kusoma kitabu kizima, kukirudia, kukilinganisha na kingine, hata kukikataa baada ya wiki mbili. Hakupimwi na kifungu kifupi. Hupima kisichokusudiwa, maana hupima undugu wa lugha ya mtahiniwa na Kilatini, pamoja na wepesi wa macho yake. Juu ya wepesi, hesabu ni rahisi. Kabla ya Septemba 2023 maswali yalikuwa 40 kwa dakika 60, yaani sekunde 90 kwa swali. Sasa ni 27 kwa dakika 41, yaani kama sekunde 91. Mtihani umefupishwa sana, lakini haraka yake haikupunguzwa. Na haraka humwumiza zaidi asomaye katika lugha yake ya pili au ya tatu, hata akiwa na ufahamu ule ule.

Matokeo yake twayajua sote tuliowahi kuwasaidia watahiniwa. Huandika maneno kwenye vikadi, neno upande mmoja na maana upande wa pili, wakayakariri kwa mamia usiku kucha. Neno likikaririwa hivyo huingia bila ya jirani zake, wala mkariri hajui latumika na nani, wapi, kwa heshima au kwa kejeli. Miezi inayopotea katika kukariri ingetosha kusoma vitabu kadhaa vya fani yao kwa Kiingereza hicho hicho, na hapo maneno yangekuja yenyewe.

Yote haya yangekuwa madogo kama alama zingetazamwa pamoja na mambo mengine. Watungaji wenyewe huvionya vyuo visifanye alama hizi kuwa kizingiti pekee. Hata hivyo Casey Miller na Keivan Stassun walieleza katika jarida la Nature mwaka 2014 jinsi idara za sayansi zinavyokata waombaji kwa alama, na jinsi desturi hiyo inavyowafungia nje wanawake na watu wa jamii zilizobaguliwa huko Marekani. Tangu miaka hiyo, na hasa tangu maradhi ya mwaka 2020, idara nyingi zimeacha kuudai mtihani huu. Lakini hazikuacha zote. Fikiri juu ya mtu wa Pemba atakaye kwenda kuichunguza kwa elimu ya isimu lahaja aliyozaliwa nayo, lahaja ambayo wageni wamefunga safari kuja kuiandika. Mahali mtihani unapodaiwa, huenda akazuiwa mlangoni na maneno ya kumsifu mnyamavu, naye mlango ule ndio wa kwenda kuandika habari za lugha yake mwenyewe.

Sisemi msamiati usipimwe. Nasema upimwe ndani ya kifungu, kwa maneno ya kazi ya elimu, na kwa muda wa kutosha. Njia hiyo si ngeni kwa chama kile. Katika mtihani wake mwingine, TOEFL, maswali ya msamiati uliosimama peke yake yaliondolewa mwaka 1995 na kutiwa katika vifungu vya kusoma. Lililowezekana katika mtihani ule lawezekana katika huu.

Na lawama hii isitufanye tuisahau nyumba yetu. Sisi nasi huwatahini wageni na wenyeji kwa Kiswahili, na siku hizi shahada za juu huandikwa kwa lugha hii katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kishawishi cha kumpima mwombaji kwa maneno ya tungo za kale ni kikubwa, maana maneno hayo ni mazuri na sisi twayapenda. Nimetunga swali la fundi na ajizi yake kwa dakika mbili tu, nami nakiri kwamba lilinipendeza kuliko lile la uvivu. Kila mtungaji wa mtihani, kabla ya kulipeleka swali lake mbele ya mtahiniwa, ajiulize kwanza ni kipi kati ya hayo mawili anachokipima, ile ijapokuwa au ile ajizi.