Piano ya Wima Inatosha

Nimesikiliza mara tatu rekodi ya tamthilia ya nyimbo iliyotengenezwa na vijana fulani wa hapa Nyeri, na kila mara nakwama palepale: piano. Waimbaji wako sawa kabisa. Lakini piano ni ile kubwa ya tamasha, imetolewa kwenye kompyuta, safi kama vyombo vya wageni, na inamfunika msichana anayeimba.

Hebu tujiulize, piano ya jukwaani kazi yake nini? Mazoezini, bendi nzima huwa ni piano moja. Inarudia kipande kifupi, tena na tena, mwigizaji akimalizia maneno yake, halafu inamrushia wimbo. Anayeijua Chicago ya John Kander na Fred Ebb, ya 1975, anaujua mchezo huo wa kungoja. Kungoja kunataka sauti kavu, fupi, yenye meno. Sauti inayoelea kama moshi inakula maneno.

Kuna watakaosema basi tubonyeze sauti ya nne kwenye kibodi, ile piano ya baa iliyomo katika orodha ya General MIDI tangu 1991. Hapana, bana. Noti nyingi za piano zina nyuzi tatu; zikiachana kidogo tu, sauti inatikisika. Kibodi huiga mtikisiko huo, lakini mara nyingi ni uleule noti baada ya noti. Piano halisi haichafuki kwa usawa. Masika ubao wa sauti unavuta unyevu, unavimba, noti za katikati zinapanda; kiangazi zinashuka. Kwa hiyo piano iliyokaa miaka kwenye ukumbi wa Nyeri au Karatina ina hali ya hewa yetu ndani yake.

Hiyo ndiyo ya kurekodi, kabla haijasukumwa stoo kupisha kibodi ya vibao 61. (Piano ina 88, mkono wa kushoto unajua tofauti.) Ivute kutoka ukutani, maana ubao wa sauti wa piano ya wima uko nyuma. Maikrofoni moja huko nyuma, nyingine juu mfuniko ukiwa wazi, ya tatu katikati ya ukumbi. Piga kila noti polepole, kisha kwa nguvu. Fundi arekebishe zile zinazoumiza masikio tu.

Rafiki yangu anabisha: piano si yetu, turudie akodioni ya mwomboko. Kwenye onyesho la dansi namkubalia, tena pale rekodi ingepata uhai. Ila akodioni nayo ilitoka ng'ambo. Wachezaji ndio walioiweka kando ya karing'aring'a ikazoea.

Wimbo wa tano, mama akingoja mlangoni, hauhitaji zaidi ya mkono wa kushoto na noti mbili zilizopinda kidogo. Walitumia violini za kompyuta pia. Zitolewe.