Mashua ya Stanley katika Ghuba ya Speke

Kitabu cha H. M. Stanley, Through the Dark Continent, cha mwaka 1878, chawafaa wasomaji wa Bariadi, maana chautaja mto Simiyu pale umwagapo maji ziwani. Alipoudhani kuwa chimbuko la Naili la kusini kuliko yote, alikosea, hilo twalipita.

Mashua yake, Lady Alice, ilichukuliwa vipande vipande na wapagazi toka Bagamoyo, ikashushwa majini Kageye tarehe 8 Machi 1875. Urefu wake twapewa, futi 40. Tufani nazo zaelezwa kwa maneno mengi. Bali walioshika demani na usukani katika tufani hizo, hadi ziwa likazungukwa lote, twaona wamepewa sifa haba.

Sura iliyo bora ni ya kisiwa cha Bumbire, ng'ambo ya magharibi. Makasia yaliponyang'anywa, mabaharia waling'oa mbao za ndani ya mashua, wakazifanya makafi, wakaokoka. Huo ndio ubaharia. Lakini mwezi wa Agosti Stanley alirudi huko kulipiza kisasi kwa bunduki, akawaua ufuoni watu wenye mikuki na mishale. Mwalimu asiziruke kurasa hizo.