Kinjeketile Machoni pa Wamatengo

Katika tamthilia yake Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein aonyesha jinsi maji ya Ngarambe yalivyowaunganisha watu wa makabila yaliyohasimiana. Kazi hii yafichua kwa ustadi tabia ya binadamu: matumaini yakizidi, neno la nabii humshinda nabii mwenyewe. Lakini si tarihi, na mtungaji ametahadharisha hivyo. Basi hukosea mwalimu aifundishaye kama tarihi.

Kosa hilo hudhihirika Mkumbi, wilayani Mbinga. Wangoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 hukumbukwa kuwa mashujaa, na ni haki yao. Hata hivyo, ni mashambulio ya Wangoni katika karne ya 19 yaliyowasonga Wamatengo milimani, wakalima miteremko mikali kwa ngoro, yaani mashimo yazuiayo maji yasichukue udongo. Shujaa wa simulizi moja ni mvamizi wa nyingine.

Tamthilia humfundisha mwanafunzi jinsi umoja unavyotamaniwa. Tarihi humwonyesha jinsi ulivyokuwa mgumu. Elimu ya jamii humwezesha kusoma hata mashimo ya shamba la babu yake. Akinyimwa moja kati ya hizo, atabaki na sifa tupu mahali pa maarifa.