Damu ya Austin

Nilipokuwa mdogo niliapa kwamba mieleka ya kwenye runinga si maigizo. Kaka yangu alinicheka mpaka nikalia. Juzi nimelirudia pambano la Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, Machi 23, 1997, kule Rosemont karibu na Chicago. Sasa najua mshindi alipangwa. Hata hivyo nilijikuta nimesimama.

Sharti lilikuwa moja: atakayesalimu amri ndiye kashindwa. Hart aliingia akiwa mwema, Austin mkorofi. Wakapigana hadi katikati ya watazamaji (hapa pananichosha kidogo). Kisha Hart akamkunja miguu kwa Sharpshooter, kamera ikamsogelea Austin usoni: damu inamchuruzika mpaka kwenye meno, anapiga ukelele, wala hasalimu amri. Akazimia. Refa, Ken Shamrock, akasimamisha pambano.

Hart akaendelea kumpiga mtu aliyelala, ukumbi ukamzomea. Austin akakataa kusaidiwa, akaondoka akichechemea huku wakiliita jina lake. Waandaaji wanaweza kupanga nani ashinde. Kumfanya aliyeshindwa apendwe, hilo lazima watazamaji washawishiwe, tena bila hotuba.

Sifa nyingi hupewa Austin na uso wake. Mimi namtazama Hart zaidi. Yeye ndiye aliyeshinda, na ushindi wenyewe ndio uliomgharimu mapenzi ya watu; kila teke la ziada lilimjenga mwenzake.

Nimemtumia kaka video. Bado hajajibu.