Pampu za Kwale na Hesabu ya Betri

Pampu ya mkono aina ya Afridev inapofanya kazi, mwendo wa mkono wake unatosha kukisia maji yaliyotoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijenga mradi wao juu ya mwendo huo: ndani ya mkono wakafunga akselerometa, prosesa ndogo na modemu ya simu. Baada ya majaribio ya Kyuso, Kitui, nchini Kenya, zikafuata pampu zipatazo 300 huku Kwale.

Kifaa hicho kinaishi kwa betri, na mlaji mkubwa ni redio. Modemu ya GSM ikituma kwa nguvu zote yaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa mipigo mifupi; prosesa iliyolala huvuta mikroampea chache tu.

Jibu mashuhuri la tatizo hili ni LEACH, itifaki ya mitandao ya vitambuzi iliyotolewa mwaka 2000 na Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT. Vitambuzi hujigawa makundi. Kimoja hukusanya data za wenzake na kuzipeleka kituoni, na zamu huzunguka ili mzigo usikiangukie kimoja daima. Umbali ukiongezeka maradufu, nishati ya kurusha mawimbi huongezeka mara nne, pengine zaidi, kwa hiyo kumtumia jirani data ni nafuu. Lakini jirani lazima awe macho kukusikia, na redio inayosikiliza hula betri nayo. Pampu za vijijini zimetawanyika, na wala hakuna haja ya kuzifanya wapagazi wa data za wenzao.

Kwale kila pampu iliongea na mnara wa simu moja kwa moja. Kazi ngumu ya kukesha ukisikiliza iliachiwa mnara, wenye umeme wake. Naona huu ndio uamuzi uliobeba mradi. Prosesa ilijumlisha mwendo, namba chache zikaingia katika SMS ya herufi 160, modemu ikaamka, ikatuma, ikazimwa. Kule Kyuso, kwa msaada wa taarifa hizo, muda wa wastani wa kutengeneza pampu iliyoharibika ulishuka kutoka takriban siku 27 hadi chini ya siku 3. Kwa mama anayebeba ndoo, hiyo ni tofauti kubwa mno.

Kwale ikaongeza swali gumu zaidi: je, mitetemo ya mkono yaweza kukadiria kina cha maji ardhini? Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba inawezekana. Ila mitetemo ghafi haienei katika SMS, na kuituma yote kungemaliza betri mapema. Uchambuzi ukifanyika ndani ya mkono wa pampu, redio itabaki na kazi ya kutuma namba moja tu: kina.